Sahani yenye Ukingo wa Buluu

Sahani ilinifikia Jumatano iliyopita, imefungwa ndani ya kanga, na kanga imezungushiwa gazeti. Aliyeileta ni mjukuu wa Bi Salma, kijana mpole mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Nyakato, siku chache baada ya arobaini ya bibi yake. Alinipa shikamoo, akaketi ukingoni mwa kochi kama watu wanavyoketi wakiwa na haraka ya kuondoka, akasema, "Bibi aliacha maneno kwamba hii apewe Mwalimu Leokadia. Sisi hatukujua kwa nini. Ni bati tu, tena imebanduka." Nikamshukuru, nikamkaribisha chai, akasema ameacha duka peke yake. Alipoondoka nikaifungua. Ni bati kweli, nyeupe, ukingo wa buluu, na pembeni ina kovu jeusi ambalo lilikuwepo hata kabla sijaijua. Mimi si mtu wa kulia hovyo. Msibani kwa Bi Salma nilichambua mchele na kusugua masufuria pamoja na wengine, chozi halikunitoka. Lakini niliposhika bati lile nilisikia sauti ya Masanja wazi kabisa, kama yuko chumba cha pili, ikisema, "Ng'ombe wenu wanaila nchi hii." Niliiweka juu ya kabati, nikaigeuza kifudifudi, nikaenda kukaa nje hadi giza likaingia.

Mwaka ninaousema ni ule ambao chama cha kudai uhuru kilikuwa bado kimepigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa. Kwingine Tanganyika watu walikuwa wakikutana viwanjani mchana kweupe na kuimba, ila huku kwetu hata watu wachache wakisimama pamoja kwenye kona ya soko, askari alikuja kuuliza wanazungumza nini. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya wasichana, nimetoka chuoni na sanduku moja, na padri wetu aliona ni afadhali nikae kwa Waislamu wenye heshima zao kuliko nipange chumba peke yangu mjini. Ndivyo nilivyofika nyumbani kwa Mzee Nasoro, ambaye Mwanza yote ilimwita Balozi. Mwenyewe hakulipenda jina hilo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye ofisi za makonseli wa Kiingereza huko Jeda na Adisi Ababa, kwanza kama mkalimani, baadaye kama katibu wa kutumwa kwa watu ambao Konseli mwenyewe aliogopa kwenda kuonana nao. "Mimi sikuwa balozi," alikuwa akisema, "nilikuwa mdomo wa balozi." Alistaafu akarudi mjini kwao akiwa na ndevu nyeupe, kanzu safi kila siku, na mke, Bi Salma, mdogo kwake kwa miaka mingi.

Nyumba ilikuwa ya mawe, juu kidogo ya barabara ya bandarini. Chumba cha kulia kilitazama ziwa, na chini ya dirisha lake, upande wa nje, palijengwa baraza ya saruji ambapo wageni waliketi kusubiri. Ndani palikuwa na meza ndefu ya mninga, viti sita visivyofanana, saa ya ukutani ambayo haikuwahi kwenda sawa na saa ya mtu yeyote, na harufu ya udi ambayo haikuisha hata madirisha yakiwa wazi. Siku hizo sangara hakuwemo ziwani. Tulikula sato na ningu, na siku ambazo Bi Salma alikasirika na bei za sokoni tulikula furu wadogo waliokaangwa hadi mifupa ikatafunika. Balozi alitaka watu wote wa nyumba waketi meza moja, wanaume na wanawake, kama alivyozoea ugenini. Bi Salma alipinga mwezi mzima. "Niketi na wanaume nile kwa uma, mimi nimekuwa mzungu?" Hatimaye alikubali kuketi, ila kwenye kiti kilicho karibu na mlango wa jikoni, ili akichoka na maneno aondoke kwa kisingizio cha mchuzi.

Na maneno yalikuwepo. Kila Jumamosi baada ya magharibi Balozi alikaribisha mgeni, na kwa karibu mwaka ule wote mgeni alikuwa Masanja, karani wa ushirika wa pamba, kijana wa Misungwi mwenye shingo ndefu na sauti iliyotoka chini ya kifua. Mchana aliandika hesabu za pamba. Jioni, kila mtu alijua na hakuna aliyesema, alikuwa mtu wa chama. Alifika na baiskeli, akaiegemeza ukutani, akaingia na shikamoo mbili, moja ya mzee na moja ya mama, kisha akanitazama mimi na kusema, "Mwalimu, umetuombea?" kwa sababu alijua nimetoka kanisani. Nilimpenda. Nasema hivi sasa bila aibu maana waliokuwa wa kunicheka wote wamekwisha kufa.

Mezani Balozi alikuwa na sheria moja. Miongoni mwa sahani za udongo zenye maua palikuwa na moja ya bati yenye ukingo wa buluu, na Bi Salma aliiweka popote alipotaka. Yeyote aliyeikuta mbele yake, siku hiyo ilimpasa aseme maneno ya upande asioupenda, tena ayaseme vizuri. Balozi alituambia alijifunza hilo Jeda. Kabla ya kutumwa kwa sheikh aliyekasirika, Konseli alimketisha kitini na kumwambia, sasa wewe ndiye sheikh, nitukane. "Nilimtukana mpaka nikaona haya," Balozi akasema. "Lakini nilipofika kwa sheikh nilijua kila neno atakalolisema, na kwa nini linamuuma. Tatizo la vijana wetu mnajua kupiga kelele, hamjui mwenzenu analala akiwaza nini." Masanja hakuipenda sheria ile mwanzoni. Aliiona ni mchezo wa watu walioshiba. Halafu Jumamosi moja sahani ikamwangukia Balozi mwenyewe, na mzee aliyekula chumvi ya Waingereza maisha yake yote akakitetea chama kwa utulivu hivi kwamba Masanja aliinuka kitini bila kujua ameinuka. Tangu siku hiyo hakukosa Jumamosi hata moja.

Mimi niliipata mara kadhaa. Mara ya kwanza nilitakiwa kusema kuwa mtoto wa kike asisomeshwe, na kwa kukosa hoja nikaazima maneno ya mjomba wangu wa Ukerewe pamoja na namna yake ya kukohoa. Bi Salma alicheka hadi akaenda kunawa uso. Ilikuwa meza ya furaha. Hilo napenda lijulikane kwanza, maana yaliyofuata yamewafanya watu waikumbuke vibaya.

Msimu wa kununua pamba ulipoiva, Misungwi na vijiji vyake vilikuwa vimechemka kwa shauri la ng'ombe. Serikali iliamuru kila mwenye ng'ombe awapeleke joshoni na alipie, na apunguze kundi lake liendane na eneo la malisho, na waliokataa walikuwa wameanza kufungwa. Watu walikuwa wamekubaliana kwenda Boma la Mwanza siku ya Jumatatu, wamwambie Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa mdomo, na wakamchagua Masanja awe msemaji, kwa kuwa Kiswahili chake hakikuwa na mwanya na Kiingereza alikijua. Jumamosi ile alikuja kwa Balozi akiwa na tai shingoni, tai ya kwanza niliyowahi kumwona nayo, kwa sababu alitaka aizoee kabla ya Jumatatu. Bi Salma alipopakua, sahani ya buluu aliiweka mbele ya Masanja. Alifanya makusudi. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye: aliona kwamba kama kuna siku kijana yule anahitaji kuyasikia maneno ya Bwana Shauri kabla hajakutana nayo, ni siku ile.

Masanja alikunja mikono ya shati, akasimama nyuma ya kiti, akafanya uso wa kizungu. "Wazee wangu wa Usukuma," akaanza, na tayari tukawa tunacheka. "Mimi Bwana Shauri nawapenda kuliko mnavyojipenda. Nendeni mkautazame mlima ulio nyuma ya mji wenu. Babu zenu walichunga pale, majani yakawafika kiunoni. Leo pana nini? Mawe. Nani ameyala yale majani? Mimi? Mimi sina hata mbuzi. Ng'ombe wenu wanaila nchi hii, na ninyi mnawaimbia nyimbo wakiila." Hapo kicheko kilipungua, kwa sababu sauti yake ilikuwa imebadilika na uso wa kizungu ulikuwa umemtoka. Aliendelea polepole, akitazama bakuli la mchuzi. "Mvua ikinyesha maji yanashuka mekundu. Ule wekundu ni shamba la mjukuu wako linakwenda ziwani. Kwa hiyo wapunguzwe. Asiyetaka josho nitamfunga, akitoka nitamfunga tena, mpaka mtoto wake anishukuru." Kisha Balozi akagonga meza kwa kijiko, kama alivyofanya mtu akifanikiwa. "Ahsante," alisema. "Huyo nimemsikia." Tukapiga makofi, tukacheka tena, kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, na Bi Salma akasema, "Mwanangu, leo umenitisha," akaongeza wali kwenye bati lake.

Tulipokwisha kunawa, Bi Salma alitoka kumwaga maji ya beseni. Alirudi ameshika kikapu. Kilikuwa kimejaa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na juu yake karanga zimefungwa kitambaani. "Nani amekuja?" aliuliza. "Nimekikuta barazani, chini ya dirisha. Mtu hayupo." Masanja alikitazama kikapu kile. Ukili wa mdomoni ulikuwa umesukwa mistari miwili myeusi. "Ni kikapu cha mama yangu," alisema. Kisha akatoka mbio, bila koti wala baiskeli, akitelemka kuelekea yanakosimama malori.

Ilikuwa hivi. Wazee wawili wa kijiji chao, mkubwa wao akiitwa Mzee Luhende, walikuwa wametangulia mjini kukaa naye wapange maneno ya Jumatatu, na mama yake akawatuma kikapu. Waliambiwa yuko kwa Balozi. Walipofika walisikia vijiko. Sasa mtu mzima mwenye adabu zake, awe Msukuma au Mkerewe, hapigi hodi kwa watu asiowajua wakiwa wanakula. Atakuwa kama amekuja kuomba chakula. Waliketi barazani wakisubiri tunawe. Dirisha lilikuwa juu ya vichwa vyao. Walimsikia kijana waliyemchagua akisema ng'ombe wao wapunguzwe na wao wafungwe, wakasikia mwenye nyumba akimshukuru, wakasikia makofi. Kikapu hawakurudi nacho kwa sababu kilikuwa cha mama mtu, na mama hakuwa amekosa lolote. Wakaondoka kimya kama walivyofika.

Jumatatu watu walikuja Boma bila yeye. Mzee Luhende alisema kwa Kisukuma, mkalimani wa Serikali akatafsiri alivyotaka, wakaambiwa waende nyumbani, na waliobaki wamesimama walichukuliwa. Masanja alikuwa ng'ambo ya barabara na tai yake. Aliniambia jioni ile kwamba wamepita mbele yake watu aliocheza nao tangu utotoni, na hakuna hata mmoja aliyemtukana. "Wangenitukana ningejibu," akasema. Alipokwenda kwao, kijiji kilikuwa kimemtenga yeye na mji wao wote, yaani watu wote wa nyumbani kwao. Hakuna aliyewasalimu wala kuwapa kaa la moto, na mama yake akifika kisimani wanawake waliokuwepo walijitwisha ndoo ambazo hazijajaa wakaondoka. Kwa wenzetu wale jambo hilo huamuliwa na vijana wenyewe chini ya nsumba ntale, yaani mkuu wa vijana, na lina njia moja ya kutoka: ukiri kosa mbele ya watu na uchinje dume la ng'ombe ili kijiji kizima kile nyama.

Balozi hakulala siku kadhaa. Nilimsikia akitembea. Kisha akasema, "Maneno yametoka mezani kwangu, nitayafuata mimi," akakodi gari, na Bi Salma akasema nami niende kwa kuwa nilikuwepo na nilisikia. Tuliwakuta watu wa kijiji cha Masanja wamekusanyika pembeni ya zizi kubwa, vijana mbele, wazee nyuma, Masanja amesimama peke yake kwenye jua. Balozi aliwaamkia kwa Kisukuma, "Mwadila," wakaitikia. Halafu akazungumza. Nimewasikia wasemaji wengi maishani mwangu, wengine wamekuwa mawaziri, sijasikia aliyesema kama mzee yule siku ile. Aliwaeleza sahani, aliwaeleza Jeda, aliwaeleza kuwa kijana wao alikuwa ananoa kisu atakachokwenda nacho Boma. Alikuwa mpole, alikuwa na mpangilio, kila jambo likaja mahali pake. Na kadiri alivyosema vizuri ndivyo nilivyoziona nyuso zikifungwa. Mzee Luhende ndiye aliyejibu. "Tumekusikia, mwenzetu," alisema. "Tunajua kazi yako ilikuwa kusemea watu. Leo umemsemea huyu. Kesho utamsemea nani?" Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, unafundisha watoto wetu. Huko mezani kwenu mnakaa mnasema msiyoyaamini, mkiwa mmeshiba, mnapigiana makofi?" Nilisema ndiyo, ni mchezo, ila ni wa kujifunza. Neno mchezo halikumsaidia mtu.

Nsumba ntale alikuwa kijana mwembamba, mwenye jicho moja bovu, na hakuwa mtu mbaya. Nadhani alitaka kummalizia mwenzake shauri lile siku hiyo hiyo. Alisema, "Masanja, acha dume. Dume tutakusamehe. Chukua udongo wa zizi la baba yako, uushike, uape kwamba yale maneno ya ng'ombe hukuyaamini hata moja. Tutapeana mikono hapa hapa." Watu wakaguna kukubali. Mama yake, aliyekuwa amesimama mbali na wanawake wengine, alipiga hatua mbele. Masanja aliinama, akauchota udongo, akaushika kiganjani. Ulikuwa mkavu, mwepesi, nao ukaanza kumtoka katikati ya vidole. Aliinua macho, akautazama ule mlima nyuma ya mji, sote tukaufuata kwa macho, na ulikuwa mawe kweli. Nilikuwa nikimwambia moyoni, apa, apa tu, apa twende nyumbani. Alifungua mkono, udongo uliobaki ukaanguka. "Siwezi," alisema. "Kuwafunga watu ni uovu, na Bwana Shauri hana haki ya kutuamuru. Hilo naapa sasa hivi. Lakini mlima nimeuona. Siwezi kuapa kwamba sijauona." Mama yake alirudi alipokuwa amesimama.

Jumamosi iliyofuata alikuja kula mara ya mwisho. Sahani ya buluu ilikuwepo kwenye rundo jikoni, na aliiona. "Mama, leo nipe yenye maua," alisema, na Bi Salma akageuka ukutani akajifanya anatafuta chumvi. Hatukuzungumza siasa. Tulisema habari za mvua, za mbwa wa jirani, za meli iliyoharibika injini karibu na Bukoba. Baadaye aliketi nami barazani, pale pale walipoketi wazee, na nikamuuliza kwa nini hakuapa, hata kwa ajili ya mama yake. "Hilo ndilo linalonikosesha usingizi," akajibu. "Lakini wewe fikiria, Leokadia. Wamenitenga kwa maneno waliyodhani ni ya kweli. Nirudi kwao kwa uongo?" Nilimwambia nitamngoja. Hakusema ningoje wala nisingoje. Meli ya Kisumu iliyomchukua iliondoka siku ya shule. Nilikuwa nikifundisha hesabu darasa la tatu, na kutoka dirishani niliuona moshi wake ukipita juu ya mawe ya bandarini. Niliwaambia watoto waandike. Waliandika, sikumbuki waliandika nini.

Kwa Balozi mchezo uliishia hapo, ila haukwisha. Nilikuwa nikirudi kutoka shule mchana, nyumba imetulia, na nasikia watu wawili wakizungumza chumba cha kulia. Mara ya kwanza nilikimbilia huko, maana sauti moja ilikuwa ya Masanja. Nilisukuma mlango. Balozi alikuwa peke yake mezani, macho amefumba. Alikuwa anasema maneno ya nsumba ntale, kisha ya Masanja, kisha ya Mzee Luhende, akirudia toka mwanzo, akitafuta jibu ambalo angelitoa siku ile na nyuso zisifungwe. Hakunisikia. Alifanya hivyo karibu kila siku, na Bi Salma alinikataza nisimkatize. "Mwache," alisema. "Akilipata atanyamaza." Mwisho wa mwaka nilihamishiwa Kisesa, na nilishukuru, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuchelewa makusudi njiani ili nisizisikie sauti zile, na wakati huohuo nikitamani kuzisikia.

Marufuku ikaondolewa, na miaka michache baadaye Uhuru ukaja. Watu waliokuwa wakinong'ona walipiga ngoma mabarabarani, na mimi nililia kwa furaha kama kila mtu. Muda si mrefu baada ya hapo nilikwenda Mwanza kuwasalimu Balozi na mkewe, nikakaa nao kula jioni. Balozi alikuwa amekonda sana na hasemi ila kidogo. Tulikuwa katikati ya wali Bi Salma aliponyanyua kichwa. "Kuna mtu barazani," alisema. Hakuna aliyepiga hodi. Nilitoka mimi. Aliyeketi chini ya dirisha, fimbo katikati ya magoti, alikuwa Mzee Luhende, na aliponiona akataka kusimama. "Maliza kula, mwanangu. Nitasubiri." Nilimshika mkono, nikamwingiza ndani kwa nguvu, na nguvu zangu zikaizidi heshima yake.

Hakutaka kuketi mpaka aseme lililomleta. Serikali yetu mpya, alisema, ilikuwa imemtuma mtu Misungwi, kijana wetu, mweusi kama sisi, amevaa vizuri. Alisimama mbele ya umati na kusema ng'ombe ni wengi mno, watu waende joshoni, mlima umekwisha kuwa mawe. "Walipiga makofi," alisema Mzee Luhende. "Hata wale waliofungwa. Hata yule wa jicho bovu. Mimi nilikuwa nimeketi mbele. Nilikuwa nimekwisha kuyasikia yale maneno, yote, na hayakusemwa vizuri kama mara ya kwanza." Akamtazama Balozi. "Nimekuja kumwomba kijana arudi. Mama yake alikwisha fariki, lakini mji upo. Yuko wapi?"

Hatukujua. Baharia mmoja alisema alimwona Jinja, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mwingine alisema mtu huyo si yeye. Balozi alikuwa ameandika kila mahali alikokuwa na mtu anayemjua, na hakupata jibu. Bi Salma alikwenda jikoni, akarudi na sahani ya mgeni, na alipoiweka mbele ya Mzee Luhende nikaona ukingo wa buluu.

Mzee aliikodolea. "Ndiyo ile?"

"Ndiyo," alisema Bi Salma.

"Si lazima, mwenzangu," Balozi alisema, na sauti yake ilikuwa haina nguvu. "Kula tu."

Mzee Luhende alinawa. Akaiweka mikono yake yote miwili juu ya meza, karibu na sahani, bila kugusa chakula. "Basi leo mimi ni Masanja," alisema. Akaanza. Wazee wangu wa Usukuma, nawapenda kuliko mnavyojipenda. Hakuigiza uso wala hakuibadili sauti. Lakini neno halikupungua: majani ya kiunoni, mbuzi ambaye hakuwa naye, maji mekundu, shamba la mjukuu. Alikuwa ameyabeba yote tangu jioni ile chini ya dirisha. Nilikaza macho kwenye mlango, na sitanii, nilingoja Masanja aingie. Alipofika penye maneno mpaka mtoto wake anishukuru, alisita. Akasema tena, mpaka mtoto wake. Kisha akajifunika uso kwa mikono yenye maji. Balozi alikuwa ameinua kijiko ili agonge meza, kama zamani, akakishusha bila kugonga.

Balozi alifariki mwaka uliofuata. Mzee Luhende alifuata baadaye, na sasa Bi Salma. Nimebaki mimi na bati. Siku tatu lilizokuwa kifudifudi juu ya kabati sikupata amani, jana nikalishusha, nikalisugua kwa majivu, nikapakua wali na kipande cha sato ambaye siku hizi bei yake ni ya kutafuta ugomvi. Nikala peke yangu, mlango wa barazani ukiwa wazi. Huwa siufungi nikiwa mezani, tangu nipate nyumba yangu mwenyewe. Majirani wananiambia Nyakato ina vibaka, nitakuja kujuta. Lakini nikisikia mtu ameketi nje, au nikidhani nimesikia, namwita kabla hata sijameza: ingia, karibu, tunakula, ingia uketi. Mara nyingi ni mpita njia aliyesimama kufunga kamba za viatu. Jana hapakuwa na mtu kabisa. Niliita hata hivyo, nikavuta kiti cha pili.